Mchezo Uliochezwa Mara Mbili

5 Mei 1953, Jumanne

Msimu wa ishirini na nne. Leo nimefungua kipaza sauti nikasema, "Habari za mchana, Kessler," nikajisikia nimechoka kabla hata mpira wa kwanza haujatupwa. Timu yetu ya besiboli hapa mjini, Waunda Mapipa, imefungwa tisa kwa mbili. Uwanjani baridi, watu mia tatu, na nadhani mia kati yao walifuata soseji.

Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Iko kwenye droo, haina tarehe. Nitaitia tarehe Septemba msimu ukiisha, nimpe bosi wa redio, nikalale. Ardis, mke wangu, kaniuliza kwa nini naanza kuandika shajara uzeeni. Nimemwambia nataka mahali pa kulalamikia.

"Kwani mimi nimekuwa nini miaka yote hii?" kasema.

6 Mei

Mvua. Hakuna mchezo.

14 Mei

Ugenini, kule Ansgar. Kwangu ugenini maana yake ni chumba kisicho na dirisha nyuma ya kituo cha redio, maili tisini kutoka uwanjani. Mtu aliye uwanjani anatuma kila tukio kwa waya, na Lundy, mpokea telegrafu wetu, anasikiliza ule mlio wa ti-ti-ti na kunichapia: nani kapiga, nani katolewa. Maneno matatu, manne. Mengine natia mwenyewe: jua, upepo, mpigaji anavyofuta jasho. Nagonga rula ya mbao kwa penseli, ndiyo sauti ya gongo. Pembeni inazunguka santuri ya kelele za watazamaji ambao nusu yao pengine wameshakufa. Wasikilizaji wanajua haya yote na wala hawajali.

Leo waya umekatika kipindi cha tano. Waya ukikatika huwezi kunyamaza, wala huwezi kubuni jambo kubwa, maana kesho gazeti litakuumbua. Dawa ni moja: mpigaji anaupiga mpira nje ya mstari. Mpira wa nje haumtoi mtu, kwa hiyo anapiga tena. Nje. Tena. Nje. Maskini yule nimempigisha mipira kumi na saba nje ya mstari, dakika kumi na mbili nzima, ndipo Lundy akainua kidole: waya umerudi. Kumbe mwenyewe alikuwa ametolewa kwa mpira wa kwanza tu.

Nimefika nyumbani, Ardis ananiwekea viazi. "Yule kijana mikono haikumuuma?"

21 Mei

Tumepata mtupaji wa maana. Milo Sobotka, miaka ishirini na tatu, mrefu, mkimya. Mpira ukitoka mkononi mwake hata mimi huku juu naona wapigaji wanaingiwa na wasiwasi. Baada ya mchezo nilimfuata kwenye kibanda cha wachezaji. Baba yake namjua, Ladislav Sobotka, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa barabara ya Kolby. Ujana wake alikuwa mdakaji wa mipira ya mtupaji katika timu ya kijiji, mtu mkali kama siki. Nikamwuliza Milo kama nimtaje mzee redioni.

"Usimtaje, mzee Krogh."

"Kuna nini?"

"Mwaka wa pili huu hatusemezani. Alitaka nibaki nikamue. Siku naondoka alisema nikishavuka geti nisirudi." Akafungua kamba za viatu, akazifunga tena. "Na redio hasikilizi. Anasema mpira ni kazi ya wavivu."

2 Juni

Tumefungwa. Koo linauma.

3 Juni

Tumefungwa. Koo lile lile.

11 Juni

Asubuhi kaja kituoni mwanamke na sahani ya vimikate vya plamu, kafunika kwa kitambaa. Blanche, dada yake Milo, ndiye anayelisimamia lile shamba sasa. Mikono mikubwa, macho ya mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kila siku ya maisha yake.

"Baba anaumwa, Bwana Krogh. Mapafu. Vumbi la nyasi zilizooza, miaka arobaini. Daktari anasema labda atauona msimu wa mavuno, labda hatauona."

Nikampa pole. Nikasema nitamwambia Milo.

"Hapana! Baba kaniapisha. Akija Milo kwa sababu ya ugonjwa, Baba anasema atageukia ukutani. Nimekuja kwa jambo lingine." Akasogeza sahani. "Anakusikiliza. Kila mchezo anaotupa Milo. Redio iko kichwani pa kitanda, ananiambia niifunike na shati mtu akija. Ana ombi moja. Useme Milo anatupa mpira gani. Wa kasi, wa kupinda, wa polepole. Anasema wewe unasema tu 'anatupa', kama mtu anayetupa maji machafu."

Ningemweleza kwamba waya hausemi ni mpira gani. Sikumweleza. Nikala vimikate vinne. Sasa nina siri ya baba kwa mwana, na ya mwana nimeibeba tayari, na kazi yangu mimi ni kusema hovyo mbele ya kaunti nzima. Mungu anisaidie.

29 Juni

Joto. Mbu. Tumeshinda, sijui vipi.

12 Julai, Jumapili

Siku ya leo lazima niiandike yote.

Ugenini, Pine Lake. Milo anatupa. Kipindi cha kwanza watatu wametolewa, cha pili watatu, cha tatu mmoja kapewa kituo cha bure bila kupiga, basi. Kufika cha nne tunaongoza saba bila. Nikatazama karatasi za Lundy, naye akanitazama, na hakuna aliyesema neno.

Maana watu wa mpira tuna jambo letu. Mtupaji akifika katikati ya mchezo na wapinzani hawajapata pigo hata moja, jambo hilo halisemwi. Wenzake hawaketi karibu naye, hawamsemeshi, hata maji anachota mwenyewe. Mtangazaji atataja matokeo, atataja waliotolewa, lakini kile kitu chenyewe hakitaji. Ukikitaja umekiua. Naamini hivyo tangu nina miaka tisa na sijawahi kujiuliza kwa nini.

Kwa hiyo nikatangaza kama mtu anayesoma bei za mahindi. "Sobotka anatupa. Ametolewa. Wawili wametolewa." Cha tano. Cha sita. Nilikuwa nimekibana kile kitu kifuani hadi sauti ikapooza. Na ujinga wenyewe ni huu: waya huwa mbele yangu kwa nusu kipindi, na leo ulikuwa mbele zaidi. Ninasoma cha nane, Lundy ameshapokea cha tisa chote. Karatasi ziko mezani, zimegeuzwa uso chini. Mchezo umekwisha, wachezaji wanakumbatiana kule Pine Lake, hakuna mdomo duniani ungeweza kuuharibu tena, na mimi mtu mzima bado nimefunga mdomo nisimtie kijana mkosi.

Nilipofika mpigaji wa mwisho ndipo nilipopiga kelele. Hakuna pigo hata moja! Vipindi vyote tisa, hakuna pigo hata moja! Miaka ishirini na nne na hakuna mtupaji wa Kessler aliyewahi kufanya hivyo. Lundy alilia. Nami nililia, na santuri ya marehemu ikashangilia.

Nikiwa narudi nyumbani nikamfikiria mzee Ladislav na redio yake. Nikafurahi, kusema kweli. Nilijiona nimemfanyia jambo.

14 Julai

Blanche kaja tena. Safari hii hakuna sahani.

"Ulijua," kasema, bado yuko mlangoni.

"Nilijua nini, mama?"

"Kipindi cha sita nilikuwa nataka kwenda kukamua. Baba hafikii kitufe. Nikamwuliza, nizime? Pumzi zilikuwa zinamsumbua. Akasema zima, wameshashinda hao, saba bila, hata mtu wa redio mwenyewe kachoka, msikie. Nikazima!" Akaegemea mlango. "Jana kasoma gazetini. Kalikunja, kaliweka uso chini, mpaka leo hajasema neno. Maisha yake yote alikuwa mdakaji, Bwana Krogh. Hajawahi kudaka mchezo kama huo. Wa mwanawe umempita redio ikiwa kichwani pake. Kwa nini hukusema?"

"Huwa hatusemi," nikajibu.

Miaka hamsini na nane, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Blanche alinitazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyemwaga ndoo. Kisha akasema polepole, "Angejua, asingezima hata angekuwa anakufa," akaondoka.

Sikula chakula cha mchana.

17 Julai

Tumeshinda. Sijali.

19 Julai

Nimemwambia Ardis yote. Akaendelea kumenya maharage. Kisha: "Hakukosea kuhusu sauti yako, lakini. Nami nilifikiri umechoka. Nilitoka nikaenda kuanua nguo."

Kwa hiyo hata mke wangu hakuusikia.

26 Julai

Mvua ya radi, mchezo umeahirishwa. Lundy alikuwa anasafisha kabati. Nikamwuliza kama karatasi za Pine Lake bado zipo.

"Nizitupe hizo? Nimezifunga na utepe." Akazitoa. "Unataka za nini?"

Nikamwambia. Lundy ni mtu asiyecheka kirahisi, na hakucheka. "Chukua rula," kasema. "Santuri usichukue. Mgonjwa hahitaji kelele."

30 Julai

Nimetoa siri ya Blanche. Nilimwita Milo nyuma ya stendi ya mashabiki nikamwambia: baba yako ni mgonjwa, hatapona, na kila unapotupa anakusikiliza.

Alikaa juu ya ndoo. "Anasikiliza?"

"Kila mchezo. Redio anaifunika na shati."

"Mzee mshenzi yule," kasema Milo, akaziba uso kwa glavu. Nilisimama pale kama mwizi, sijui niweke wapi mikono.

Nikamwambia Jumapili asubuhi nakwenda. Aje, akae kimya. Asiingie na pole.

2 Agosti, Jumapili

Nimechoka hadi vidole, lakini nikilala kwanza nitasahau.

Tulifika saa nne asubuhi. Blanche alipomwona Milo ndani ya gari alinikazia jicho la kunichuna ngozi, halafu akafungua mlango wa jikoni. Milo akakaa kwenye kigoda kizingitini, kati ya jikoni na chumba cha mgonjwa, nusu huku nusu kule. Mzee amebaki mifupa na nyusi. Alimwona mwanawe. Hakika alimwona. Akageuza macho kwangu.

"Krogh. Unafanana na sauti yako. Kumechoka kotekote."

"Shikamoo kwako pia, Bwana Sobotka. Nimekuletea mchezo wa Pine Lake. Kipindi cha kwanza hadi cha tisa."

"Nimesoma gazeti."

"Gazeti halina rula," nikasema, nikaigonga. Kap! Nyusi zikainuka.

Nikaanza. Mezani kwake hakuna kipaza sauti, kuna bakuli la dawa na miwani. Nilisoma karatasi ya Lundy moja moja, nikampa mzee jua la Pine Lake, nikampa vumbi, nikampa mpigaji wao mnene anayejikuna kiuno. Nilikuwa nimejiapia kosa la Julai silirudii. Kwa hiyo kipindi cha nne kilipokwisha nikasema kwa sauti kubwa, "Na mpaka sasa, mabibi na mabwana, Milo Sobotka hajaruhusu pigo hata—"

"We Krogh!" Mkono wa mzee ukapiga blanketi. "Una wazimu? Unataka kumtia kijana mkosi?"

"Bwana Sobotka, mchezo huu ulichezwa wiki tatu zilizopita."

"Kwangu mimi unachezwa leo. Funga mdomo utangaze."

Nikamtazama Blanche. Yeye, aliyenijia juu kwa sababu sikusema, alikuwa ameweka kidole mdomoni ananinyamazisha. Basi, tukaendelea kwa kanuni. Cha tano. Cha sita. Blanche alileta kahawa. Akampa baba yake, akanipa mimi, na kikombe cha Milo akakiweka sakafuni karibu na mguu wake, hakumtazama, hakumsemesha, akarudi kinyumenyume. Na Milo naye, nikaona, ameinamia magoti, anatazama mikono yake, kama yuko kwenye benchi siku ile. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu aliyekuwa hajui mwisho. Mikono yetu ilikuwa inatoka jasho.

Cha nane, wawili wametolewa, mmoja aliyepewa kituo cha bure amefika kituo cha pili, anaingia mpigaji wao wa mkono wa kushoto, mtu hatari. Mzee akajiinua kwa kiwiko. Nikasoma: ameukosa mara tatu, ametolewa. Mzee akarudi kwenye mto akihema, na midomo inachezacheza, anapanga jambo kichwani.

Cha tisa. Wawili wametolewa. Mpigaji wa mwisho. Karatasi ya mwisho mkononi mwangu ina maneno manne tu, na sikuweza kuyasoma. Si kwamba sikuyaona. Nilimtazama mzee kifua kinavyopanda kwa shida na nikajua nikishayasoma hakuna kitu kingine. Mchezo utakuwa umekwisha, nitafungasha rula yangu, na baada ya hapo ni kungoja tu.

"Anatupa Sobotka," nikasema. "Amepiga... nje ya mstari." Kap. "Anatupa. Nje ya mstari, upande wa kulia." Kap. "Anatupa... nje tena, mpira umeangukia kwenye paa la choo." Kap. Sijui nilipiga mingapi. Sauti ilikuwa imeshakwaruza. Milo aliinua kichwa, maana yeye alikuwepo, anajua haikuwa hivyo.

Mzee alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Krogh," akasema. "Waya umekatika?"

"Haujakatika, Bwana Sobotka."

"Basi mwache kijana amalize."

Nikasoma. "Anatupa. Amepiga juu, juu sana, Sobotka mwenyewe yuko chini yake, anaungoja... ameudaka. Mchezo umekwisha. Hakuna pigo hata moja."

Hakuna aliyeshangilia. Blanche aligeukia jiko. Mzee akafumbua macho, akatazama dari, kisha akageuza shingo taratibu hadi kizingitini.

"Yule wa mkono wa kushoto," akasema. "Cha nane. Ule wa tatu ulitupa mpira gani?"

Milo alisimama. Kigoda kikaanguka. "Wa polepole, Baba."

"Na mtu yuko kituo cha pili?"

"Ndiyo, Baba."

"Nilijua," akasema mzee. "Nilijiambia utakuwa wa polepole. Mpuuzi wewe. Njoo hapa unionyeshe ulivyoushika."

Nikachukua rula yangu nikatoka nje, nikakaa kwenye gari saa nzima. Ng'ombe walinitazama.

3 Agosti

Sina sauti kabisa. Daktari kanipa siku tano. Ardis anasema ni siku tano bora za ndoa yetu.

13 Agosti

Ladislav Sobotka amefariki jana alasiri. Blanche kapiga simu mwenyewe. Milo alikuwa naye. Anasema siku kumi hizo hawakuzungumza lolote la maana, ni mpira tu, mpira gani kwa mtu gani, hadi wakamchosha yeye.

20 Agosti

Mvua.

6 Septemba, Jumapili

Mchezo wa mwisho, nyumbani. Milo anatupa. Kufika kipindi cha saba, kile kitu tena. Uwanja mzima umenyamaza. Kwenye benchi Milo kakaa peke yake, wenzake wamejazana ncha ya pili.

Nikafikiri juu ya vitufe. Kaunti nzima imejaa vitanda na mazizi na watu wenye mikono ya maziwa, na kila mmoja ana kitufe, na saa hizi kuna mtu anamwuliza mwingine, nizime? Nikasogea kwenye kipaza sauti.

"Kama unataka kuzima, usizime," nikasema. "Milo Sobotka hajaruhusu pigo hata moja."

Mpira uliofuata ulipigwa katikati ya uwanja, pigo safi, mtoto angeliona.

Simu za kituoni hazijawahi kulia vile. Bosi kaniambia wamenitukana kwa Kiingereza, Kijerumani na Kicheki. Mama anayeuza soseji uwanjani alikataa kuniuzia kahawa. Shabiki mmoja, mtu wa kanisani, aliniuliza kama ninalipwa na Pine Lake.

Tulishinda tatu kwa moja. Nilimkuta Milo kwenye maegesho, koti begani. Nikasimama, niko tayari kwa lolote.

"Baba angekuua," akasema.

"Najua."

Akatembea hatua mbili tatu, akageuka. "Ulikuwa wa kupinda. Haukupinda, ndiyo maana. Mwakani uwe unauliza, mzee Krogh. Nitakuwa nakuambia."

Nimefika nyumbani nimefungua droo, nikaiona barua. Bado haina tarehe. Kalamu ilikuwa chumba cha pili, nami miguu ilikuwa inaniuma, nikafunga droo.